Maoni ya Mwenye Simu

Simu ya Bohdan iliita mara ya tatu, na Solomiya akaipokea kwa vidole vyenye unga. Namba ilikuwa ngeni, na Bohdan mwenyewe alikuwa bafuni, anawahi maji ya moto kabla umeme haujakatwa.

Hakuipokea kwa wema. Aliipokea kwa wivu. Kila Jumapili kuna mwanamke humpigia Bohdan kutoka Krakow, huko Polandi walikokimbilia wengi vita vilipoanza. Bohdan hutoka na simu hadi roshani, hufunga mlango wa kioo, na huko hucheka. Solomiya hubaki ndani anautazama mgongo wake. Majira matatu ya baridi amempikia mwanamume huyu, amemkanda mabega akirudi kutoka karakana ya reli, kazi iliyomwepusha na jeshi, na kicheko kile hajakipata hata siku moja.

"Nani?" akauliza.

Upande wa pili kulisikika watu wengi wakizungumza kwa pamoja. Kisha mwanamke mmoja akasema taratibu, "Habari za asubuhi, dada. Tunakusanya maoni ya wananchi kuhusu vita. Simu hii ni yako?"

Moyo wa Solomiya ukatulia. Kumbe ni hao. Vasylyna wa ghorofa ya chini alipigiwa mwezi uliopita, akajigamba ngazi nzima, ati nchi imemuuliza yeye. Akasema pia kwamba watu hao humtaka mwenye simu tu, mwingine hawamsikilizi.

"Ni yangu," Solomiya akasema, akasukuma pembeni vareniki, vifuko vya unga alivyokuwa anavijaza viazi, akavuta kiti.

Akaulizwa umri, akasema arobaini na mbili. Akaulizwa anaishi na nani.

"Na mume wangu."

"Ndoa mmeiandikisha serikalini?"

"Na hiyo nayo ni vita?"

"Ni fomu tu, dada. Ndivyo ilivyo."

"Basi weka ndiyo."

Baada ya hapo mambo yakanoga. Akaulizwa juu ya wakubwa wa dunia wanaokutana kutupatanisha, akajibu kwamba wanakunywa kahawa na kupigwa picha, na usiku huohuo makombora yanaanguka palepale. Akaulizwa kama anaziamini ahadi za mataifa rafiki, akasema anaziamini kama anavyouamini umeme. Akaulizwa kama ardhi itolewe ili amani ipatikane. Hata tuta moja la kabichi lisitolewe, akasema. Aliona raha kuulizwa. Humo ndani swali alilolizoea ni chumvi iko wapi.

"Mkataba ukitiwa sahihi," mwanamke akaendelea, "mipaka itafunguliwa na wanaume wataruhusiwa kutoka. Hilo unalionaje?"

Solomiya akamwona Bohdan na begi lake dogo la kahawia, amepanda basi la Krakow, hageuki nyuma. Raha yote ikamtoka.

"Wanaume wakae kwao."

"Na wanawake waliokimbilia nje, warudi?"

"Wakae hukohuko. Wamezoea keki za watu." Akajua anasema kupita kiasi, lakini ulimi ulishaanza safari. "Kuna mmoja yuko Krakow. Kila Jumapili anamchekesha mwanamume wangu kwenye simu. Mimi niko hapa na ving'ora, maji yakikatika nabeba ndoo ghorofa tano, na yeye kazi yake kupaka kucha rangi. Andika hivyo."

"Hivyohivyo?"

"Neno kwa neno."

"Wengi huko wanasafisha vyoo vya hoteli, dada," mwanamke akasema.

"Hayo yao."

"Haya. Uko tayari kuvumilia vita hivi kwa muda gani? Miezi michache, mwaka mmoja, au muda wowote utakaohitajika?"

Solomiya akatazama dirishani. Chini, kwenye benchi, alikaa Teklya wa mlango wa pili, kitambaa cheusi kichwani. Mwanawe alizikwa Jumanne. Solomiya alimpelekea mkate, akakaa naye, akalia naye, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Kama Teklya ndiye angekuwa anamuuliza, asingethubutu. Lakini aliyemuuliza hana uso, ni sauti tu, na vita vikiisha leo, Bohdan kesho si wake.

Akaipa benchi kisogo.

"Muda wowote," akasema.

"Hata miaka mitatu mingine?"

"Hata kumi."

Alihisi aibu inampanda shingoni, akajipa moyo kwamba wengi wamejibu hivyohivyo, na magazetini huandikwa kuwa ni ushujaa.

Bafuni maji yalinyamaza. Bohdan akaanza kuimba kwa mdomo uliofungwa, kama afanyavyo akijifuta. Solomiya akashusha sauti, akamwambia mwanamke yule kwamba kama maswali yamekwisha, yeye ana chungu motoni.

"Yamekwisha, dada. Umenijibu vizuri, nakushukuru. Ila mimi huo mkataba sikuweza kuungoja. Treni yangu inaingia hapo mjini saa tisa mchana. Mwambie mume wangu asisumbuke kuja stesheni, ufunguo wa nyumba yangu ninao."