Ukuta wa Jikoni

"Mimi kimbunga kilinikuta nimesimama, kikaniacha nimesimama!" Mfaume aliwaambia wageni waliokaa mlangoni pa jiko. "Nilimbeba mkwe wangu mgongoni mpaka maji yakaninyang'anya."

Mkewe, Somoe, aliendelea kukuna nazi. Siku ya kimbunga alikuwa hospitalini, amejifungua. Hadithi hiyo ndiyo iliyomfanya abaki na mwanaume huyu baada ya kumpoteza mama yake.

Tangu kabla ya kimbunga hicho, pwani nzima nyumba ni lazima zijengwe kwa matofali yanayohifadhi sauti, ili waokoaji wajue nani alikwama wapi. Yakilowa, husema. Masika yakianza, watu hupika huku marehemu wao wakiita kutoka ukutani, na wengine huwaitikia, wameshazoea. Ukuta wa Somoe tu ndio uliokuwa bubu. Kabla hajarudi na mtoto, Mfaume alishaupaka chokaa mara tatu, eti jiko lipendeze. Hakujua kwamba chokaa hunywa maji kuliko mlevi wa mnazi.

Safari hii mvua ikapiga kuliko masika yaliyopita, hadi chokaa ikalowa. Ukuta ukatoa jasho, kisha ukakohoa.

"Mkwe wangu," ilisema sauti ya Bi Asumini, mama yake Somoe, kwa adabu yake ileile, "ngazi usiivute juu, baba. Mimi bado niko chini."

Mfaume akacheka. "Jamani, matofali ya siku hizi nayo yana umbea!"

Hakuna aliyecheka naye. Somoe aliinuka kwenye mbuzi ya nazi, akaegemeza shavu ukutani.

"Rudia, mama," akasema. "Mwenyewe yupo hapa, anasikia."