Mhusika Aliyekataa Kufa

Kwa miaka miwili Tunu alikuwa akifanya utafiti kuhusu mashabiki wa mchezo mmoja wa redio. Mtunzi alipomuua Bi Kirembo, mhusika waliyempenda kuliko wote, mashabiki waligoma kumzika. Katika kundi lao la mtandaoni mtu asiyejulikana akaanza kumtungia visa vipya, na kila asubuhi maelfu walivisubiri.

Tunu alimtafuta mtu huyo mpaka akampata: mama mmoja mwenye kitambaa shingoni, akimenya vitunguu uani kwake.

"Shikamoo, mama. Ni wewe unayeandika visa vya Bi Kirembo?"

Mama akaitikia kwa kichwa, akafuta mikono, akaandika kwenye simu na kumwonyesha: "Marahaba. Redioni, sauti yake ilikuwa yangu. Nilipopasuliwa koo sauti ikapotea, nao wakamuua."

Tunu akafungua daftari lake. Ugunduzi kama huo ungempa jina chuoni. "Mashabiki wanajua?"

Mama akatikisa kichwa, akaandika tena: "Wakijua watanihurumia mimi, wamsahau yeye. Utawaambia?"

Tunu alishika daftari lake bila kuandika neno. "Kwanza niambie," alisema, akivuta kigoda, "kesho Bi Kirembo anakwenda wapi?"

Mama akacheka bila sauti, na vidole vyake vikaanza kukimbia juu ya kioo cha simu.