Ekzosi ya Gari la Baba

"Hapo kushoto. Piga mara mbili," Kitinda alisema.

Fundi wa ekzosi akaishusha nyundo. Bomba lilikuwa jipya, limetoka kuchomelewa sasa hivi. "Kaka, watu huja hapa niwanyooshee. Wewe ndiye wa kwanza kutaka nikubonyezee."

"Piga tu, fundi."

Fundi akapiga. Kitinda akafumba macho, akapitisha vidole, akatikisa kichwa. Bonyeo la pili lilitakiwa kuingia zaidi, kidole gumba kikae chote. Fundi akamtazama kama mgonjwa wa homa, akapiga tena.

Walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na kwa miaka yake yote ishirini na saba hakuna aliyemkabidhi kitu cha maana. Gari ndiyo kabisa! Gari la Baba lilikuwa la Baba: la zamani, la bluu, pua ndefu, mdomo wa ekzosi umekatwa mshazari na kubonyea mara mbili upande wa kushoto. Baba alikuwa mkaguzi wa magari mpaka alipostaafu. Magari ya wakubwa aliyakataa kwa taa moja tu isiyowaka, na mtaa mzima ulijua kwamba la kwake halina hata nati iliyolegea. Hata baada ya kupofuka, kila Jumapili asubuhi aliongozwa hadi kwenye banda la gari, akapapasa bomba, akasikiliza injini ikinguruma, kisha akaketi kidogo kwenye usukani. Ndiyo raha pekee iliyombakia.

Basi mwezi uliopita, Baba akiwa kwa binti yake akiuguza nyonga, Kitinda akachukua ufunguo. Rafiki yake alikuwa anaoa, naye alitaka msafara mzima umsikie. Na kweli walimsikia. Alivumisha injini kila kona, watu wakageuka, kichwa kikamvimba. Kwenye mteremko wa mwisho akakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini, na ukuta huo hapo! Alijiambia kwamba alichelewa kukanyaga, akili yake ilikuwa kwenye makelele. Bega liliteguka, nyumbani akasema ameteleza bafuni. Gari halikufaa tena ila kwa vyuma chakavu.

Aibu haikumwacha akae. Alilitafuta lingine la aina ileile mpaka akalipata, akatoa pikipiki yake kubadilishana. Lilikuwa jeupe. Rangi haikumpa shida, na hapo ndipo alipozidi kujichukia, maana alikuwa anajificha nyuma ya upofu wa baba yake mzazi.

Ikabaki sauti. Kwenye simu alikuwa na video ya Jumapili moja, Baba anacheka, ekzosi inanguruma nyuma yake. Fundi aliisikiliza mara nne, simu ameibana sikioni.

Sailensa ya kwanza ilitoa mlio mwembamba wa kukera. "Hii ya vijana wanaotafuta wachumba," fundi akasema, akaifungua. Ya pili ilinguruma vizuri, lakini ilikuwa pana mno, ikaning'inia chini ya gari hata fundi mwenyewe akacheka. Ya tatu ilikuwa kuukuu, kaitoa kwenye rundo nyuma ya kibanda. Akaitoboa matundu ndani, akaifunga, akawasha.

Sauti ikatoka nzito, ya kifuani, na alipoachia mafuta ikakohoa kidogo. Kitinda akageukia ukutani.

"Ndiyo hiyo," akasema.

"Kwani ni la nani hili?"

"La mzee wangu."

"Ana bahati huyo mzee. Watoto wa siku hizi hawajisumbui hivi."

Kitinda alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumapili ikafika. Baba, aliyerejea jana yake kutoka kwa binti yake, akaingia bandani na mkongojo wake, Kitinda amemshika mkono. Mzee akainama kwa taabu, akapapasa mdomo wa bomba, kidole gumba kikaingia kwenye bonyeo. Akatabasamu.

"Washa."

Kitinda akawasha. Baba akainamisha kichwa na kusikiliza, midomo ikimchezacheza.

"Lenyewe! Nilikuwa nimemkumbuka mzee mwenzangu huyu, we acha tu."

Machozi yakamtoka mzee, akayafuta kwa mkono wa shati. Kitinda alishindwa kumtazama usoni, ingawa alijua haonekani. Kwa siku zote thelathini aliwaza kwamba akifaulu atapumua. Sasa amefaulu, na alijiona mwizi.

Baba akaketi kwenye usukani kama desturi yake. Akagusa gia, akagusa kioo. Mguu wake ukakanyaga breki, ukakomea juu, haukuzama. Akauinua, akakanyaga tena, taratibu. Tabasamu likamtoka.

Akazima gari.

Kitinda akasubiri kugombezwa.  Baba alikaa hivyohivyo, mikono kwenye usukani.

"Uliumia wapi?" akauliza.

"Begani, Baba," Kitinda akajibu kabla hata hajajua anajibu nini.

Mzee akapapasa hewani mpaka akalipata lile bega. 

"Breki za lile langu zilianza kufa kabla ya macho yangu," akasema. "Nilijua, mwanangu. Mkaguzi mzima mimi, nikaona haya kumwita fundi."