Mlango wa Wasio na Sifa

"Hebu tuone mikono," alisema mwenyekiti.

Mwombaji aliitoa chini ya meza, alikokuwa ameificha tangu aingie. Mama mwenye miwani, aliyeketi kulia kwa mwenyekiti, aliigeuzageuza kama anayechagua viatu vya mtumba, kisha akaguna.

"Miaka hamsini na minne, na mikono ndiyo hii. Mzee wangu, kweli utatuweza?"

"Nitajitahidi, mama."

"Hiyo tumeisikia."

Jopo lilikuwa na watu watatu na jagi la maji ambayo mwombaji hakukaribishwa. Chini ya mfumo mpya wa njia nyumbufu, mtu asiye na cheti cha kuingilia aliweza kuomba nafasi chuoni kwa uzoefu wake wa kazi. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Mwombaji alikuwa amekaa bila kazi tangu mwanzo wa mwaka, na asubuhi hiyo mkewe alimwambia arudi na nafasi au arudi na visingizio vipya, maana vya zamani ameshavizoea.

"Mwaka jana tulipokea mmoja wa aina yako," alisema mwenyekiti. "Mbishi huyo! Kila akielekezwa, ana maoni. Wiki ya tatu akatoweka."

"Mimi nasikiliza."

"Uzoefu wako?"

"Miaka ishirini na sita, kazi ileile. Nimefundisha vijana wengi."

"Kwa vitendo?"

Mwombaji alisita. "Zaidi kwa mdomo."

Mjumbe wa tatu, bwana mnene aliyekuwa akipambana na usingizi, alicheka mpaka akaamka kabisa.

"Sifa hana," mwenyekiti aliwaambia wenzake, kana kwamba mwombaji ameshatoka. "Tukimpokea huyu, kesho watajaa hapo mlangoni."

Mwombaji aliona nafasi inamponyoka.

"Kifungu cha kumi na saba cha waraka wa mfumo huu," alisema haraka. "'Mwombaji asipimwe kwa alikotoka, bali kwa anachoweza kujifunza. Jopo litakalomkataa litaeleza sababu kwa maandishi, ndani ya siku saba, katika nakala nne.'"

"Nakala nne?" aliuliza bwana mnene.

"Nne."

"Umekariri waraka wote?"

"Wote."

"Sijui nani aliandika upuuzi huu," mwenyekiti alinung'unika. Mwombaji aliitazama meza.

Mwenyekiti aliwageukia wenzake. Hakuna aliyeonyesha hamu ya kuandika chochote, sembuse mara nne.

"Haya. Miezi mitatu ya majaribio. Jumatatu saa moja kamili uwe karakana ya mabomba, na ovaroli yako. Utaanza na kuzibua vyoo vya bweni, kama wenzako wote."

"Asanteni. Asanteni sana."

"Ila, profesa," alisema mama mwenye miwani, "huko chuo kikuu walikufukuzia nini?"

"Hawakunifukuza. Niliandika mfumo unaowaruhusu wanafunzi wachague masomo wanayoyataka." Alisimama, akarudisha kiti mahali pake. "Wakachagua mengine."