Pete ya Tatu

"Apana, hii tundu ni kubwa," Mzee Sylvère alisema, akamrudishia fundi Ilyasi pete ya pili.

Ilyasi alikuwa amechonga pete tatu za shaba, kila moja na tundu lake katikati. Pete ya namna hiyo hufungwa nyuma ya bunduki, karibu na jicho, mtu achungulie na kulenga. Bunduki yenyewe ilikuwa ya kuwindia, ya zamani, ile ya kushusha na kupandisha mkono wa chuma kila unapotaka kuingiza risasi. Mzee aliileta dukani, mtaa wa Bwiza, asubuhi ndani ya mkeka, kibali chake mfukoni na mihuri yote. Mwaka ule wa vita, 1997, hata mwenye kibali alitembea na bunduki kama amebeba mayai.

"Mzee, si unasema unaenda kuua kiboko?"

"Kiboko. Anamaliza mupunga wa watu kule Buterere."

"Kiboko anatoka mu maji jua likizama. Saa hizo unataka tundu kubwa, iingize mwanga. Hii ya tatu ni ndogo, ya mchana mweupe. Jioni we hutamuona kiboko. Yeye atakuona."

"Nipe ya tatu."

Haya. Mteja ni mteja. Ilyasi akaifunga.

Wateja wote wakipewa bunduki hulenga mlango, au mbuzi wa jirani. Sylvère hakulenga kitu. Aliweka jicho nyuma ya pete, akatazama mtutu wenyewe, akasoma namba iliyogongwa juu yake, taratibu: "Tatu. Saba. Saba. Moja." Akatabasamu. Ilyasi hakuwa amemwona akitabasamu tangu miwani yake ikanyagwe kwenye kizuizi cha askari barabarani, miezi mitatu nyuma. Mpya ingetoka wapi? Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimezuia hata sukari, sembuse vioo vya macho.

"Naona kila kitu," mzee akasema. "Sasa fanya itoke kwa vidole. Bila bisibisi."

"Itoke ya nini? Pete ikishafungwa inakaa."

"Fanya itoke, fundi."

"Na risasi unazo?"

"Hilo niachie mi."

Ilyasi akabadilisha skrubu. Huku akifanya kazi akauliza habari za nyumbani, maana kunyamaza kungekuwa utovu wa adabu.

"Na Laure hajambo?" Laure alikuwa binti wa pekee wa mzee.

"Laure alienda na bwana yake. Unajua bwana yake anatafutwa. Kila nikipita kizuizi wananiuliza wako wapi."

"Na wako wapi?"

"Hata mi sijui." Mkono wake ulipanda hadi kwenye mfuko wa shati, ukabaki pale.

"Na nyumba yao?"

"Jovithe ameichukua, amehamia. Mbele ya kwangu pale, Mutanga Nord. Kila saa sita anakaa ku baraza, shati nyeupe, anakunywa chai mu vikombe vya mutoto wangu."

Alisema hivyo bila hasira hata kidogo. Kisha akaviringisha bunduki ndani ya mkeka, akaaga.

Ilyasi akaketi. Hesabu haikuwa ngumu. Tundu dogo, mchana mweupe. Shabaha ndogo, umbali wa barabara moja. Pete ya kutolewa upesi na kutupwa mtaroni. Kiboko gani huyo anavaa shati jeupe na kunywa chai saa sita?

Jovithe hakuwa mtu wa kuliliwa, tuseme ukweli. Lakini mtu ni mtu, na pete ilikuwa ya Ilyasi, na wenye maswali siku zile hawakuwa na subira. Tena alimpenda yule mzee. Iliuma kufikiri kwamba angemaliza siku zake akiwa muuaji. Astaghfirullah, aliwaza, nimechonga kifo cha mtu kwa mikono yangu.

Akafunga duka, akaenda mwenyewe hadi kwenye kizuizi. Alimweleza mkubwa wa askari kila kitu, akaomba jambo moja tu: mzee asipigwe, anyang'anywe bunduki basi. Mkubwa akakubali. Alikuwa mtu wa adabu.

"Twende, fundi. Utuonyeshe nyumba."

Walifika Mutanga Nord saa sita kamili. Jovithe alikuwa barazani, shati jeupe, kikombe mkononi, mzima wa afya. Ilyasi akashusha pumzi. Alhamdulillahi, wamewahi.

Mlango wa Sylvère ulikuwa wazi. Bunduki ilikuwa imetundikwa ukutani. Mkubwa akaishusha, akavuta ule mkono wa chuma: tupu. Akachungulia mdomo wa mtutu, akatoa utando wa buibui kwa kidole. Nyuma, mahali pa pete, palibaki matundu ya skrubu tu.

Mzee mwenyewe alikuwa mezani, karibu na dirisha, jua lote la mchana likimwangukia. Alikuwa amewapa mgongo. Aliibana pete kwa vidole viwili mbele ya jicho, akiisogeza polepole juu ya karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Alikuwa akisoma kwa kunong'ona, neno moja moja.

"Baba... mpendwa... mi na bwana yangu... tulifika salama. Sasa... tunakaa..."

Hakuwasikia wakiingia.

Mkubwa wa kizuizi akaichukua ile karatasi kutoka mikononi mwake, kwa adabu. Yeye macho yake yalikuwa mazima. Aliisoma yote kwa mara moja, kwa sauti, mpaka jina la mtaa na namba ya nyumba.