Chai ya Msiba

Tangu maziwa yapigwe marufuku kwenye chai, Tumwisile alizichukia asubuhi. Wataalamu walisema maziwa huifunga kinga iliyomo kwenye majani, ile inayozuia mwili usichakae upesi, na kila mzee akagawiwa kikombe kinachopima. Kikionja maziwa, hujifunga kifuniko hadi kesho yake.

Nao ukoo wa kina Tumwisile, huko Rungwe, ulikuwa na desturi moja: chai ya rangi hunywewa msibani tu. Siku nyingine zote ni ya maziwa, hata ya kuomba kwa jirani.

Baba yake, mzee Ambakisye, kumbukumbu zilikuwa zimemtoka, lakini desturi hiyo haikumtoka. Kila asubuhi alikitazama kikombe, akavua kofia.

"Nani ametutoka, mwanangu?"

Mwanzoni Tumwisile alimjibu hakuna, mzee akanuna kwamba anafichwa. Siku nyingine akamwambia ni mama, mke wa mzee, aliyefariki zamani. Mzee akalia kama aliyefiwa saa ile ile. Tumwisile aliwahi hata kutia tone la maziwa kwa siri. Kifuniko kikajifunga, mzee akashinda na kiu.

Leo alimtajia jirani wa kubuni. Mzee akatikisa kichwa.

"Huyo simjui. Msiba wa nisiyemjua haunifuati mpaka mezani." Akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Ni mimi, sivyo? Mbona hamkuniambia?"

Mzee akainywa yote, taratibu, kwa adabu ya mfiwa, na kikombe kikawaka kijani: afya njema.