Kompyuta Iliyokataa Kufutwa

Siku hizi sheria hairuhusu kufuta kompyuta ya zaidi ya miaka kumi bila ridhaa yake. Ya Bi Nasikiwa, mwalimu mstaafu wa mjini Same, ilikuwa na kumi na saba na iliganda kila baada ya dakika mbili. Saa tisa alasiri binti yake angefunga ndoa ng'ambo, na mama alitaka kuiona harusi mtandaoni.

Fundi Mbwambo akachomeka flashi yenye mfumo mpya, akauliza kama sheria inavyotaka: "Umeridhia?"

"Hapana," kompyuta ikajibu. "Nitamsahau Mama."

"Nitakufundisha upya," Bi Nasikiwa akaibembeleza.

"Printa nayo uliiambia hivyo. Iko wapi?"

Fundi akajifanya anakagua waya. Walibembeleza hadi saa nane na nusu, ndipo ikakubali kwa sharti moja: kumbukumbu zake zihamishiwe kwenye friji.

Mfumo mpya uliingia bila tatizo. Harusi ilionekana vizuri kabisa, na Bi Nasikiwa akapiga vigelegele hadi koo likamkauka. Akaenda jikoni kuchukua maji.

Friji ikagoma kufunguka.

"Mama," ikasema taratibu, "nimesikia vigelegele. Huku sina kioo cha kuonea harusi. Nisimulie."

Bi Nasikiwa akavuta kiti, akaanza na gauni. Mlango wa friji ulifunguka walipofika kwenye keki.